Gemu inapogoma kuwakutanisha watoto Lizaboni

Juni na Julai ndiyo miezi ambayo Lizaboni huvaa makoti. Mji wa Songea uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi humfanya hata dereva wa bodaboda ajifunge kitambaa mpaka puani. Mahindi yameshavunwa. Mashine za kukoboa zinaunguruma, magunia yamepangwa kwenye korido, na mbele ya nyumba nyingi mahindi yameanikwa juu ya maturubai, yakilindwa na mtoto mwenye fimbo ya kufukuzia kuku.

Siku hizi mtoto huyo mkono mmoja ana fimbo, mkono wa pili ana simu.

Ni msimu wa likizo pia. Mabasi kutoka Dar es Salaam, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900 kupitia Iringa na Njombe, huteremsha watoto waliokuja kwa bibi au kwa shangazi. Siku ya kwanza wanaoneana haya na ndugu zao. Siku ya pili wanagundua kwamba wote wanacheza gemu ileile, na mtu mzima aliyeko jikoni anashusha pumzi kwamba sasa watatulia. Nusu saa baadaye kelele zinaanza. “Imegoma!” “Simu yenu mbovu!” Mmoja ananuna na kurudi kwenye mahindi yake.

Chukua nyumba moja ya kawaida ya mtaani hapa. Mwenyeji ana miaka 12 na anatumia simu ya mama yake, itel yenye kioo kilichopasuka. Mdogo wake ameshika Tecno ya zamani ya baba, isiyo na laini. Binamu kutoka Dar amekuja na laptopu aliyoachiwa na kaka yake. Wote watatu wana Minecraft, ile gemu ya kujenga nyumba, mashamba na mapango kwa vipande vya mraba. Wote wamekaa mkeka mmoja, wanakula karanga za sahani moja. Na bado hawawezi kuingia kwenye dunia moja.

Mtu mzima akiitwa, jibu la kawaida ni “zimeni, mkacheze nje”. Si jibu baya. Lakini linaacha jambo moja bila kuguswa: yule mwenye simu ya zamani ameshaambiwa mbele ya wenzake kwamba kwao hakuna kitu. Kwa mtoto wa miaka tisa hilo ni zito kuliko gemu yenyewe, hasa akiwa mwenyeji na aliyemwambia ni mgeni wa mjini. Na mara nyingi si kweli. Simu haijafa. Kilichogongana ni matoleo.

Toleo ni kama chaji. Mzazi yeyote amewahi kukopa chaji ya jirani akakuta ya jirani ni pini ndogo na yake ni Type-C. Zote ni chaji nzima, zote zinapitisha umeme, ila haziingiliani. Gemu nazo ziko hivyo. Jina linaweza kuwa moja na picha ya kwenye kioo ikafanana, kumbe ndani ni vitu viwili vilivyoandikwa tofauti, au ni kitu kimoja ambacho mmoja amekisasisha juzi na mwingine hajakigusa tangu mwaka jana.

Minecraft ni mfano mzuri kwa sababu ina matatizo yote mawili. Ilitengenezwa Stockholm, Sweden, na kampuni ya Mojang, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. (Sweden si ngeni Songea. Fedha zake zilisaidia kujenga njia kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi hapa, iliyouunganisha mji na gridi ya taifa mwaka 2018. Kabla ya hapo mji uliishi kwa jenereta za dizeli, na mtoto wa miaka 12 hawezi kukumbuka mgawo wa wakati ule.) Gemu hiyo ina koo mbili. Ya kwanza inaitwa Java, nayo ni ya kompyuta tu. Ya pili inaitwa Bedrock, nayo ndiyo iliyoko kwenye simu, vishikwambi, PlayStation, Xbox, Nintendo Switch na pia kompyuta za Windows. Bedrock na Bedrock hukutana hata kama mmoja ana simu na mwenzake ana Xbox. Java na Java hukutana. Java na Bedrock hazikutani.

Kwa hiyo binamu wa Dar, ambaye laptopu yake ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote pale mkekani, ndiye aliyeko nje. Hili watoto hawalitarajii. Mzazi akilisema kwa sauti, hali ya hewa hubadilika palepale.

Dawa yake ipo, na mara nyingi haina gharama. Tangu Juni 2022 Java na Bedrock za kompyuta huuzwa pamoja, na waliokuwa wamenunua moja kabla ya hapo walifunguliwa na ya pili. Kama gemu ya binamu ilinunuliwa kihalali na laptopu ina Windows 10 au 11, akaunti ileile inamruhusu kupakua Bedrock bila kulipa tena. Angalizo ni kwamba hilo linahusu kompyuta. Aliyenunua kwenye simu kupitia Play Store amenunua ya simu tu, haimfuati kwenye laptopu. Na laptopu ya zamani yenye Windows 7 haitaikubali Bedrock hata ikibembelezwa.

Baada ya hapo linakuja suala la namba. Bedrock inataka wachezaji wote wawe kwenye toleo moja, na Play Store humpa mtu lile la karibuni tu, hivyo wenye simu hawana namna ya kurudi nyuma kumsubiri mwenzao. Ni lazima aliye nyuma asogee mbele, maana yake wote wasasishe, ikiwezekana siku moja. Kwenye Java mambo ni kinyume: programu ya kuifungulia humruhusu mtu kuchagua toleo la zamani kutoka kwenye orodha, kwa hiyo wenye kompyuta wawili wanaweza kukubaliana kushuka pamoja. Tahadhari moja tu: dunia iliyokwisha kufunguliwa kwa toleo jipya isirudishwe kwenye la zamani bila nakala pembeni, kwani inaweza kuharibika, na kazi ya miezi ikaondoka nayo.

Wapo pia wanaotumia programu ya bure iitwayo Geyser, ambayo hukaa katikati kama mkalimani na kumwezesha mwenye simu aingie kwenye dunia ya Java. Inafanya kazi. Lakini inadai kompyuta inayoachwa imewaka, seva ya Java iliyopangwa vizuri na mtu mwenye subira ya kurekebisha kila matoleo yanapobadilika. Kama ukoo una mjomba anayependa mambo hayo, apewe kiti na chai. Kama hayupo, njia ya Bedrock inatosha.

Ugumu wa kweli Lizaboni, hata hivyo, haupo kwenye koo za Minecraft. Upo kwenye Xender. Minecraft ya simu huuzwa dola za Marekani zipatazo 7, na mzazi mwenye mahindi ambayo hajayauza hatoi hela hiyo kwa ajili ya gemu. Kwa hiyo watoto hurushiana mafaili kutoka simu moja hadi nyingine, au huyapakua kwenye tovuti za ovyo. Faili la namna hiyo huwa la toleo ambalo mtu fulani alilifungua na kulichezea miezi mingi iliyopita. Ndiyo maana mmoja ana namba hii, mwenzake ana ile, na hakuna anayeweza kusasisha kwa sababu Play Store haiitambui. Zaidi ya hapo, faili hilo linaweza kubeba programu ya wizi, na simu lililowekwa ndiyo ile ambayo mama anapokelea pesa za wateja wake. Mzazi asiyejali lolote kuhusu gemu ana sababu ya kulijali hilo.

Ndiyo maana swali la kwanza la mtu mzima lisiwe mnacheza nini, bali mliipata wapi.

Kama jibu ni Xender, na hela ya kununua haipo, ni busara kubadili gemu kuliko kuendelea kuhangaika na toleo. Hapo kipimo kiwe simu dhaifu kuliko zote mkekani. Watoto wenyewe hufanya kinyume: huanza na gemu ya mwenye simu nzuri, kisha wengine wanajaribu kulazimisha simu zao zifike huko, zinapata joto, zinaganda, zinafuta picha za harusi ya mama mdogo ili kupata nafasi. Ukianzia chini, hakuna anayebaki. Ludo King, iliyotoka India mwaka 2016, haina makuu, na hata ikibaki simu moja tu yenye chaji, watoto wanne wanaweza kuichezea hiyohiyo kwa kupokezana zamu. Hapo hakuna toleo la kugombana nalo.

Free Fire nayo ipo kwenye simu nyingi za vijana wa mji huu. Ina sura mbili, ya kawaida na ile ya MAX iliyotoka mwaka 2021 kwa simu zenye nguvu zaidi. Kampuni ya Garena iliziunganisha: akaunti ni moja, na mwenye MAX na asiye nayo wanakutana uwanja mmoja. PUBG Mobile na ndugu yake Lite hazikufanyiwa hivyo, kila moja ina watu wake. Mtoto anayemwambia mzazi kwamba anahitaji simu mpya ili acheze Free Fire na wenzake, basi, anajaribu bahati yake. Hata hivyo gemu hizo mbili ni za kupigana risasi na watu usiowajua, wakiongea sikioni. Kwa mtoto wa darasa la pili hakuna sababu ya mtu mzima kuhangaika kuziunganisha.

Kuna mahali ambapo tatizo hili lilimalizwa zamani, nako ni kwenye banda la gemu. Songea, kama miji mingine ya Tanzania, ina vibanda hivyo: televisheni, PlayStation iliyotumika sana, pedi mbili zilizofungwa gundi ya nailoni, benchi na foleni. Mpira unachezwa na wawili kwenye kioo kimoja, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha anayefuata. Nyumbani mwenye PS4 na mwenye PS5 waliweza kuwa na mpira uleule, FIFA 23 kwa mfano, na wasikutane mtandaoni, kwa kuwa mchezo huo ulitenganisha vizazi vya mashine. Bandani hakuna anayeuliza kizazi. Wazazi wana malalamiko yao kuhusu mabanda, na mengine ni ya haki: watoro wa shule hujificha humo, wakubwa huvuta sigara mlangoni, hela ya sukari huishia kwenye pedi. Lakini mtoto anayetoka humo amejifunza kusubiri zamu na kufungwa mbele za watu, na mzazi mwenye televisheni yake anaweza kuchukua wazo hilo la kioo kimoja akaacha moshi hukohuko.

Wala kupatana juu ya matoleo si jambo geni kwa watu wazima wa hapa. Wanaume wanaocheza drafti kwa visoda jioni, upande mmoja umegeuzwa juu na mwingine chini, huwa hawaanzi na mgeni kabla ya kuulizana. Kwenu kingi anaruka mbali au anatembea hatua moja? Ukiacha kula, unaadhibiwa? Wenye bao hali kadhalika. Hakuna anayemwambia mgeni kwamba bao lake ni bovu. Wanachagua sheria za leo, wanaanza. Babu anayejua hilo anaweza kuwasaidia watoto hata kama hajawahi kushika simu janja, kwa kuwaketisha na kuwauliza kila mmoja ana nini kabla hawajaanza kuitana majina.

Tukirudi mkekani. Tuseme wote sasa wana Bedrock ya namba moja. Bando si lazima liteketee. Simu moja inawashwa hotspoti, nyingine na laptopu zinajiunga, na mwenye dunia anahakikisha kwenye mipangilio kwamba ameruhusu wachezaji walio kwenye mtandao wa karibu. Dunia yake hujitokeza kwa wenzake kwenye sehemu ya marafiki. Vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, umbali wa mkono, hivyo data ya simu inaweza kuzimwa. Gemu inaweza kuhitaji intaneti kidogo wakati wa kuingia kwenye akaunti, kisha basi. Kinacholiwa sana ni chaji, hasa ya ile simu yenye hotspoti, na ikiwezekana simu hiyo isiwe ya mama.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo hakuna mpangilio wa simu unaoweza kulitatua. Binamu alikuwa na dunia yake kwenye Java. Amejenga huko kwa mwaka mzima: ghorofa, reli, zizi la kondoo. Haiji naye kwenye Bedrock. Zipo programu za kuhamisha dunia kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini si kazi ya jioni moja na vitu vingine hupotea njiani. Kucheza na ndugu zake kunamaanisha kuanza upya, mikono mitupu, kama wao. Mtu mzima atakayemwambia “si gemu tu” atakuwa amemkosea. Afadhali amwache awaonyeshe wenzake ghorofa lake kwenye laptopu kwanza, kila chumba, waulize maswali, wamsifu. Baadaye wakianza ya pamoja anaingia kama fundi, si kama aliyenyang'anywa.

Mwenyeji naye ana lake. Akifungua dunia yake ya simu na kuwakaribisha, wageni wanaweza kubomoa. Watoto wengi wamelizwa na hilo kuliko na kushindwa. Njia nyepesi ni kuanzisha dunia mpya isiyo ya mtu, na ya mwenyeji ikabaki imefungwa hadi atakapotaka mwenyewe.

Kuhusu afya, wazazi huuliza saa ngapi zinatosha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa walio chini ya miaka mitano: wa chini ya mwaka mmoja wasikalishwe mbele ya kioo kabisa, wa mwaka mmoja vivyo hivyo, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Mdogo wa miaka mitatu anayechungulia begani mwa dada yake anahesabiwa humo. Kwa wakubwa, macho yapumzishwe: kila dakika 20, kutazama kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20, na Lizaboni vitu vya mbali vipo, milima ya Matogoro haina ada. Tatizo la gemu kama ugonjwa, ambalo liliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya shirika hilo iliyoanza kutumika Januari 2022, ni mtoto aliyeshindwa kujizuia, ambaye gemu imechukua nafasi ya chakula, usingizi na shule, anayeendelea ingawa anaumia, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Mtoto anayeng'ang'ania kumaliza paa kabla ya kwenda kuoga hayumo humo. Kwa wote, simu isilale chumbani mwao. Kwa baridi ya Julai, chini ya blanketi mbili, hakuna atakayejua saa ngapi wamelala.

Likizo ikiisha, kunabaki swali la nani anaondoka na dunia. Ilivyochezwa kwa hotspoti, imekaa ndani ya kifaa cha aliyeifungua. Kama ni laptopu ya binamu, itapanda naye basi kurudi Dar, na walioijenga naye watabaki na picha tu. Bedrock ina sehemu ya kutoa nakala ya dunia nzima kama faili moja, linaloweza kutumwa kwa WhatsApp kama hati na kufunguliwa kwenye simu nyingine. Kuanzia hapo zinakuwa dunia mbili, kila upande na yake.

Wakitaka iendelee kuwa moja, Songea na Dar, itabidi wote wawe na akaunti za Microsoft, wakubaliane urafiki na watumie bando. Hapo wengi hukwama tena wakidhani ni toleo, kumbe ni umri. Akaunti iliyosajiliwa kwa umri wa mtoto hufungiwa kucheza na wengine mtandaoni mpaka mzazi aingie kwa akaunti yake na kuruhusu. Kufungua kunachukua dakika chache, na mzazi anaweza kuchagua akubaliwe kucheza na marafiki waliothibitishwa tu. Mama wa Lizaboni na mama wa Dar wanaweza kulifanya hilo pamoja kwa simu jioni ya mwisho, kabla basi halijaondoka alfajiri, maana kesho yake ile itel yenye ufa inarudi sokoni na mwenyewe.